Kadi ya Baba Mkwe

Ukiwa na mpango wa kuoa au kuolewa katika nchi yetu, usianze na pete. Pete zipo, tena za kila saizi. Anza na kiti.

Nimekuwa katibu wa kamati za harusi nne, na tatu zilikwisha salama, kwa hiyo watu hunisimamisha sokoni wakiniuliza wajiandae vipi. Nimeona niyapige chapa yote mahali pamoja, maharusi wasome na wageni wao pia. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja katika maandishi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Jumanne tu.

KUHUSU KITI

Kiti huwekwa mbele, kulia kwa maharusi, kikiwa kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hakikaliwi na mtu, mtoto, mkoba wala paka. Ni cha Baba Mkwe wa Taifa.

Wageni wasiotujua hudhani hicho ni cheo cha utani. Sivyo. Mwaka ule aliposhika madaraka, Kiongozi wetu alitangaza redioni kwamba mabinti wote wa nchi hii ni mabinti zake, na kila mwanamume anayeoa anaoa kwake. Wanaume walishangilia, wakidhani wamefutiwa mahari. Kesho yake ikatoka sheria ya heshima za ukweni. Mkwe hali mbele ya baba mkwe. Mkwe hacheki mpaka meno ya nyuma yaonekane. Na kwa kuwa picha ya Baba Mkwe ilikuwa imekwisha kuagizwa itundikwe katika kila sebule, ndiyo maana mpaka leo familia zetu hula jikoni, zimechuchumaa, mlango umerudishwa.

Harusini mwenyewe haji. Katika miaka thelathini na moja hajafika hata harusi moja. Lakini lazima aalikwe, na lazima Barua yake ya Udhuru ifike na isomwe kabla chakula hakijaguswa na keki haijakatwa. Barua ni ile ile kwa watu wote. Anatamani sana kuja, majukumu yamembana, anawatakia heri. Majina ya maharusi huachiwa nafasi, na mara nyingine karani husahau kuijaza. Niliwahi kusikia mshereheshaji akisoma, "Nawatakia maisha mema Bwana Nukta Nukta na Bibi Nukta Nukta," na ukumbi mzima ukalia kwa furaha. Nililia na mimi. Aliyekuwa amekaa karibu nami alichelewa kulia, na aliyekuwa nyuma yake aliliandika jina lake.

KUHUSU KADI

Harusi nitakayowapa mfano ni ya Nuruana, binti wa mama yangu mdogo. Tulilelewa chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye ukutani na mimi ukingoni. Alichelewa kujua kuandika. Nikiwa darasa la nne nilimshika mkono juu ya daftari lake jioni baada ya jioni, mpaka herufi zake zikawa zangu, hadi mkia wa j, ambao sote wawili tunaupindisha juu ukakaribia kugusa nukta yake. Alikua akawa mshonaji, akachumbiwa na Yese, fundi wa majokofu, kijana mpole anayeomba radhi hata akikanyaga kivuli chako.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kirumbi, karani mstaafu wa posta. Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili na orodha ilikuwa na majina mia tatu. Ninyi mnajua kinachofuata. Kadi zetu huandikwa kwa mkono kwenye kona ya chini: mtu mmoja, au watu wawili. Hapo ndipo ukoo hupimana.

Shangazi Nakunda alikuja na kadi yake ameishika kwa ncha za vidole, kama aliyeokota panya.

"Elinami, umeniandikia mtu mmoja. Nimefiwa lini?"

"Shangazi, si ulisema mzee wako hasafiri, miguu inamsumbua?"

"Hasafiri, ndiyo. Lakini aalikwe, akatae mwenyewe. Ninyi mnamkatalia kama nani?"

Nikamwandikia nyingine. Wakaja wengine sita. Mzee Kirumbi akavua miwani, akasema, "Katibu, tutaandaa harusi au tutahesabu waume wa watu? Kuanzia hapa, zote zilizobaki, mtu mmoja. Mwenye mke amwache alinde nyumba."

Nikaandika. Mtu mmoja, mtu mmoja, mtu mmoja. Nuruana alikaa kushoto kwangu akitia kadi kwenye bahasha, ambazo zilikuwa zimekwisha pigwa majina kwa mashine. Mama Mdogo alikuwa akipita na chai. Tulikuwa tunacheka. Kadi ya Baba Mkwe haiandikwi hivyo, kila katibu anajua. Huandikwa "Baba Mkwe, Mama Mkwe na msafara wote", kwa wino mweusi. Nami nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini bahasha yake ya dhahabu ilikuwa katikati ya bahasha nyeupe, mkono ulikuwa umeshika kasi, na kicheko hakina macho.

Ushauri wangu: kadi ya Baba Mkwe iandikwe kwanza, asubuhi, na mtu aliyelala vizuri.

KUHUSU KUTEMBELEWA

Siku tisa kabla ya harusi, kamati ikiwa imekaa, aliingia Bwana Kilave, Afisa Shangwe wa Wilaya, kutoka Wizara ya Furaha. Alivaa shati la maua. Alikuwa ametuletea soda, kila mtu yake, na kila mtu alipewa aina anayoipenda. Hatukumwuliza alijuaje.

Akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani.

"Kadi nzuri," akasema. "Karatasi nzito. Na hapa chini pameandikwa nini, Mzee wangu? Macho yangu siku hizi."

Mzee Kirumbi akasoma. Neno la kwanza alilisema kwa sauti ya mwenyekiti, la pili kwa sauti ya mgonjwa.

"Wizara imekaa siku mbili na maneno haya," Bwana Kilave akasema. "Tumejiuliza, je, Mama Mkwe wa Taifa abaki nyumbani? Kwa kosa gani? Wenzetu wa ulinzi nao wana swali lao. Mtu anayetaka Baba Mkwe aje bila walinzi, anamtakia nini? Ukumbi una milango mingapi?"

"Miwili," akasema Mzee Kirumbi.

Bwana Kilave akaandika. "Miwili."

"Mheshimiwa, ni makosa ya kalamu tu."

"Nakubali kabisa. Kalamu ya nani?"

Soda zilisikika zikitoa povu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa gauni langu, nikaibana kwa paja kama mtu anayebana mkojo. Nuruana, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, hakunitazama. Nilimshukuru, kisha nikamwogopa.

"Msiwe na wasiwasi," Bwana Kilave akasema, akiinuka. "Harusi ipo palepale. Kuahirisha harusi ni kuinyima nchi furaha, na jambo hilo lina kifungu chake. Nitakuwa nanyi siku hiyo. Aliyeandika tutamjua, na tutampa fungate."

Hapa inafaa nieleze, kwa ajili ya vijana. Nchi yetu haina jela. Zilifutwa, na siku hiyo tulishangilia uwanjani tangu asubuhi mpaka saa nane, kwa zamu. Anayekosea hupewa fungate. Kuna nyumba juu ya kilima, nyuma ya viwanja vya maonyesho ya kilimo, mapazia yake hayafunguliwi. Zamani fungate ilikuwa siku saba. Wizara ilisema haioni sababu ya kuwabana watu kwa siku. Baada ya mwezi familia hupokea picha: mtu wao amesimama kando ya ua wa michongoma, anatabasamu, amevaa shati la bluu lenye kola nyeupe. Baada ya picha hiyo hakuna nyingine. Jirani yetu wa bondeni, shati lilimbana mpaka vifungo vikapishana. Mwalimu wa kwaya, shati hilo hilo lilimpwaya.

KUHUSU MAFUNZO YA BIBI HARUSI

Yasirukwe, hata mambo yakiwa mabaya. Wanawake walikusanyika uani kwa Mama Mdogo, wakamkalisha Nuruana mkekani, wakamfunika khanga. Lakini safari hii mafunzo yaliyumba kidogo.

"Mumeo akikuuliza ulikuwa wapi, jibu polepole," alisema Shangazi Nakunda. "Afisa akikuuliza, jibu polepole zaidi, na usikumbuke chochote cha kabla ya jana."

"Chumbani usilale na sidiria," akasema mwingine.

"Na viatu uviweke karibu," akamalizia Shangazi. "Vya kufunga, siyo vya kuchomeka. Wakija huwa hawangoji."

Tulipobaki wawili jikoni, Nuruana alikuwa anakwangua ukoko wa wali.

"Dada Eli. Ulikuwa mwandiko wako."

"Mkono ulikuwa na kasi, mdogo wangu. Sikuangalia bahasha."

"Nami nikaitia ndani bila kuisoma. Akili zetu zilikuwa likizo."

"Nitasema," nikamwambia. "Sitakubali wakukamate wewe wala Mzee Kirumbi. Jumamosi, mbele yake, nitasema ni mimi. Baada ya keki."

"Kwa nini baada ya keki?" Alicheka, akanipa ukoko. "Sema kabla. Ukishakula utanenepa, shati lao lisikuenee."

Tulicheka mpaka Mama Mdogo akatuchungulia. Nilipolala nilisikia moyo wangu ukigonga kwenye mto, nikadhani ni mlango.

KUHUSU SIKU YENYEWE

Wageni wafike mapema, wavae sare waliyokubaliana, wasivae bluu. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, kwa kuwa kikohozi wakati wa kumtaja Baba Mkwe kinaweza kufahamika vibaya.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye kitabu cha ndoa. Bwana Kilave alikuwa amesimama nyuma ya mchungaji, katika shati jingine la maua. Yese alijaza sehemu yake. Nuruana akainama, akavua glavu ya mkono wa kulia, akaandika jina lake, akaandika mtaa wake. Kwenye kazi akaandika: mshonaji. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale. Niliuona mkia wa j ukishuka, ukageuka, ukaanza kupanda. Nilitamani kuurudisha chini kwa mkono wangu.

Bwana Kilave alivaa miwani. Akatazama kitabu, akatazama kitu kilichokuwa kwenye kiganja chake, akavua miwani.

"Mwandiko mzuri," akamwambia Nuruana. "Siku hizi watu hawaandiki hivi."

Ukumbini tulikaa tangu saa nane. Kiti kilikuwa kimewekwa. Pilau ilikuwa mbele yetu, watu mia mbili, na hakuna aliyegusa kijiko kwa kuwa Barua ya Udhuru haikuwa imefika. Saa tisa mafuta yalianza kuganda. Saa kumi mtoto mmoja alishika kipande cha nyama, na mama yake akakitoa mdomoni mwake kwa kidole. Mshereheshaji alitutaka tushangilie mara tatu, tukashangilia mara tatu. Mimi nilikuwa nayarudia maneno yangu kimoyomoyo. Yalikuwa manne. Niliandika mimi, si yeye.

Saa kumi na moja Bwana Kilave aliingia na barua, akaisoma mwenyewe.

"Baba Mkwe wa Taifa alitamani sana kufika," alisoma. "Lakini ameelezwa kwamba aje peke yake, na yeye hajazoea kuwa peke yake. Anawatakia maisha mema Bwana Yese na Bibi Nuruana."

Majina yalikuwa yamejazwa. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Hatukuwahi kusikia majina yakijazwa kwa uangalifu namna ile.

"Na Wizara," akaendelea, akiikunja barua, "inampongeza bibi harusi kwa mwandiko wake, ambao imeufurahia mara mbili, kwenye kadi na kwenye kitabu. Inampa fungate. Gari liko nje."

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, limepambwa kwa riboni. Mama Mdogo akaketi chini, siyo kwenye kiti, chini. Yese akashika mkono wa Nuruana kwa mikono yake miwili.

Nuruana hakusema ni mimi. Aligeuza shingo akanitazama, bila hasira, kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikichelewa kufunga viatu na yeye amekwisha simama mlangoni.

Nikasimama. Naomba mjue kwamba nilisimama.

"Katibu," akasema Bwana Kilave. "Una neno?"

Vichwa mia mbili vikanigeukia. Neno nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo, nikaufunga, na nilipoufungua tena nilisikia sauti yangu ikisema, "Keki, mheshimiwa. Ikatwe?"

"Ikatwe," akasema, akifurahi. "Utaratibu ni utaratibu. Ninyi kamati mmejipanga."

Basi ikakatwa. Nuruana akamlisha Yese, na Yese akamlisha Nuruana, makombo yakaangukia gauni. Nuruana akamlisha mama yake pale pale chini. Halafu, kama desturi yetu ilivyo, mshereheshaji akamwuliza ni ndugu gani mwingine angependa kumlisha. Akasema, "Dada Elinami."

Nikaenda. Akanitia kipande mdomoni, kikubwa, akanifuta midomo kwa kidole gumba.

Nilitafuna.

Yese alimfuata mpaka garini na kushika mlango. "Samahani, mheshimiwa," akasema. "Fungate ni ya watu wawili."

"Mwaliko ni wa mtu mmoja, bwana harusi," Bwana Kilave akamjibu kwa upole. "Ninyi wenyewe ndio mnaopenda utaratibu huo."

Gari lilipoondoka alitugeukia, akangoja. Tulijua anangoja nini. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilikuwa nimekwisha meza.

KUHUSU BAADA YA HARUSI

Chagueni katibu mwenye mwandiko mbaya. Ni afadhali mgeni ashindwe kusoma jina lake. Mimi tangu siku ile siandiki kwa mkono. Orodha ya sokoni naishika kichwani, na benki nimewaambia nimeumia, natia dole gumba.

Picha ilikuja Ijumaa iliyopita. Ua wa michongoma, shati la bluu, kola nyeupe. Nuruana anatabasamu. Shati limemkaa sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuziona picha hizo. Ukitazama karibu utaona amelipunguza pembeni, mshono mdogo mdogo wa uzi mweupe. Sijui uzi aliupata wapi. Yese ameibeba picha hiyo, anamwonyesha kila mteja anayemletea jokofu.

Hapa nilikusudia kuwashauri kuhusu zawadi, na namna ya kurudisha sufuria za kuazima bila ugomvi. Lakini leo asubuhi Mama Mdogo amekuja kwangu. Alikuwa na karatasi kadhaa, bahasha mbili na kalamu.

"Uniandikie barua kwa mwanangu," akasema.

"Mkono unaniuma, Mama Mdogo. Ngoja niipige chapa."

"Sitaki chapa. Chapa hata Kilave anayo. Andika."

Mama Mdogo hajui kusoma. Alivuta kigoda akakaa ubavuni kwangu, macho kwenye ncha ya kalamu, kama anavyokaa akilinda maziwa yasimwagike jikoni. Nikaandika: Mwanangu Nuruana, sisi hatujambo. Kwenye j mkono ulifanya ulivyozoea. Mkia ukashuka, ukageuka, ukapanda.

Akaweka kidole chini yake. Madaftari yote ya Nuruana anayo sandukuni, tangu darasa la kwanza.

"Hii ni yake," akasema.

"Tulijifunza pamoja, Mama Mdogo."

"Nani alimfundisha mwenzake?"

Nikaweka kalamu chini.

"Nilikuwa napita na chai siku ile," akasema. "Yeye alikuwa anatia kwenye bahasha. Nimekungoja. Ulipoomba keki ikatwe nikasema, ameshtuka, atasema kesho. Nikangoja wiki. Nikasema, akiiona picha atakuja mwenyewe."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Hata yeye anaogopa, na yuko kule." Akanigusa kiwiko. "Malizia ya mwanangu. Mwambie cherehani nimeifunika vumbi lisiingie. Halafu uandike ya Kilave."

Nikamaliza ya kwanza. Akalamba bahasha, akaifunga mwenyewe, akaiweka kifuani. Kisha akalaza karatasi mpya mbele yangu, akaishikilia pembe zake kwa viganja viwili. Nikaanza: Kwa Mheshimiwa Afisa Shangwe wa Wilaya, mimi Elinami. Mkono ulitetemeka hata herufi hazikuwa zangu wala za Nuruana, zilikuwa za mtu yeyote.

Mama Mdogo akazitazama kwa muda. Akaichukua karatasi, akaichana taratibu, akaniwekea nyingine.

"Tulia mwanangu," akasema. "Iandike vizuri. Wasije wakasema si wewe."